Nyumba ndogo ya Nyeri na mzee aliyeanzisha Skauti

Katika mji wa Stockholm, nchini Sweden, kuna jumba la makumbusho la kundi mashuhuri la muziki la ABBA, lililofunguliwa mwaka wa 2013. Mgeni aingiaye humo haendi kutazama tu. Huweza kupanda jukwaani akaimba, akacheza, na kwa dakika chache akajiona kuwa yeye naye ni mmoja wa wanakundi. Karibu na kwetu, katika mtaa wa Shangani mjini Unguja, kuna nyumba ya ukumbusho wa Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, ambaye alizaliwa kisiwani humo mwaka wa 1946.

Mji wa Nyeri nao una nyumba yake ya namna hiyo. Ni nyumba ndogo sana, katika uwanja wa Hoteli ya Outspan, na jina lake ni Paxtu. Haikuwa ya mwimbaji. Ilikuwa ya mzee mmoja Mwingereza aliyeanzisha kundi ambalo leo lina wanachama zaidi ya milioni 50 duniani. Humo pia mgeni haishii kutazama. Maskauti watokao nchi za mbali huacha skafu na beji zao pale, na kwa hiyo kila kikundi kinachofika huongeza kitu chake juu ya vilivyoachwa na wenzao waliotangulia.

Mzee huyo ni Robert Baden-Powell. Wengi wetu tuliovaa skafu shuleni tulifundishwa jina lake kabla ya kufundishwa majina ya mashujaa wetu wenyewe. Kwa sababu hiyo ni vyema msomaji ayajue maisha yake yote, matamu na machungu, wala si yale tu yanayosimuliwa penye moto wa kambi.

MTOTO WA MJANE

Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari, 1857. Baba yake alikuwa kasisi na pia profesa wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mzee huyo alifariki mwaka wa 1860, Robert akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Mama yake, Henrietta Grace, aliachiwa jamii kubwa ya kulea. Alikuwa mwanamke shupavu, mwenye nia ya kuona kila mwanawe anafika mbali, na hakuwapa nafasi ya kulegea.

Kijana alipelekwa katika shule ya Charterhouse. Hakuwa hodari sana wa vitabu, lakini alikuwa na vipawa vingine. Aliweza kuchora kwa mkono wa kulia na wa kushoto, aliweza kuigiza na kuimba, na aliwachekesha wenzake kupita kiasi. Shule ilipohamia Godalming mwaka wa 1872, alipata msitu uliokuwa karibu ambao wanafunzi walikatazwa kuingia. Yeye aliingia. Humo alijifunza kunyatia wanyama, kupika kwa moto usiotoa moshi mwingi, na kujificha walimu wasimwone. Elimu hiyo ya kuibia ndiyo iliyomfaa maishani kuliko ile ya darasani.

Mwaka wa 1876 aliingia jeshini akapelekwa Bara Hindi katika kikosi cha wapanda farasi. Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya kuhama kutoka koloni hadi koloni, penye kila vita ambavyo dola ya Uingereza ilipigana ili kuchukua nchi za watu.

UPANGA KATIKA AFRIKA

Hapa ndipo habari zake zinapotugusa sisi Waafrika. Alikuwa katika nchi ya Wazulu katika miaka ya 1880. Mwishoni mwa mwaka wa 1895 alikwenda na jeshi lililotumwa kumwangusha Prempeh, mfalme wa Waasante, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka wa 1896 alikuwa Matabele, ambayo leo ni sehemu ya Zimbabwe, wakati wenyeji walipoinuka dhidi ya utawala wa Waingereza.

Katika milima ya Matopo alijifunza mengi kutoka kwa Mmarekani mmoja aitwaye Frederick Burnham, bingwa wa kusoma nyayo na kupeleleza porini. Usiku alikuwa akipanda majabali kimya kimya kutafuta maficho ya wapiganaji. Hayo ndiyo mambo yaliyogeuka baadaye kuwa michezo ya watoto.

Lakini mwaka huo huo wa 1896 alifanya jambo ambalo limebaki kama doa katika jina lake. Mkuu mmoja wa Matabele aliyeitwa Uwini alikamatwa akiwa amejeruhiwa. Baden-Powell alimweka mbele ya mahakama ya kijeshi, akahukumiwa kifo, akapigwa risasi. Wakubwa wa serikali walitaka kujua kwa nini mfungwa huyo hakukabidhiwa kwa mahakama ya kiraia. Uchunguzi ulifanywa, na Baden-Powell akasafishwa na wenzake wa jeshi. Kusafishwa huko hakukumfufua Uwini, na wajukuu wa Matabele hawajasahau.

MAFEKING

Jina lake lilivuma duniani kwa sababu ya mji mdogo wa Mafeking, huko Afrika Kusini, wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu. Makaburu waliuzingira mji huo kuanzia tarehe 13 Oktoba, 1899, na haukukombolewa hadi tarehe 17 Mei, 1900. Ni siku 217.

Baden-Powell ndiye aliyekuwa kamanda. Watu wake walikuwa wachache kuliko adui, kwa hiyo alitumia hila. Aliwafanya askari wake wazike masanduku yaliyojaa mchanga, Makaburu wakiona kwa mbali, ili wadhani mji umezungukwa na mabomu. Aliwaamuru watu wake watembee wakiinua miguu juu kana kwamba wanaruka nyaya za miiba, ambazo hazikuwapo. Siku za Jumapili mapigano yalisimama, naye alivaa mavazi ya kuchekesha akapanda jukwaani kuimba na kuigiza ili watu wasikate tamaa. Noti zilichapishwa mjini humo humo, na hata stempu zenye sura yake.

Wavulana wa mji walipewa kazi ya kubeba barua na kutoa habari, wengine kwa baiskeli. Kamanda alishangaa kuona jinsi mtoto akipewa dhamana anavyoweza kuitimiza. Mbegu ya Skauti ilipandwa hapo.

Habari za kukombolewa kwa Mafeking zilipofika London, watu walijaa barabarani usiku kucha wakiimba na kucheza. Sura ya Baden-Powell ikauzwa kwenye beji, sahani na vikombe, kama vile sura za waimbaji zinavyouzwa siku hizi. Kabla hajatimiza miaka 44 alikuwa amepandishwa cheo kuwa jenerali, naye alikuwa kijana kuliko majenerali wote wa cheo chake katika jeshi la Uingereza.

Lakini ngoma hiyo ilichezwa bila kuwataja waliobeba mzigo mkubwa. Mji wa Mafeking ulikuwa na Waafrika wengi kuliko Wazungu, hasa Wabarolong, nao walishika bunduki kuulinda. Tarehe 12 Mei, 1900, Makaburu walipojipenyeza kwa shambulio lao la mwisho, walipita katika kijiji cha Wabarolong, na Wabarolong hao walikuwa mstari wa mbele katika kuwazuia. Chakula kilipopungua, mgao wa Mwafrika ulikuwa mdogo kuliko wa Mzungu, na Waafrika wengi walikufa kwa njaa, hasa wakimbizi waliokuwa wamekuja kutafuta usalama.

Tunayajua mengi ya hayo kwa sababu mfasiri kijana wa mahakama, Mwafrika aitwaye Sol Plaatje, aliandika habari za kila siku katika daftari lake. Daftari hilo lilikaa gizani kwa miaka mingi, likachapishwa mwaka wa 1973. Plaatje mwenyewe alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama kilichokuja kuitwa ANC, na ndiye aliyekuwa katibu mkuu wake wa kwanza mwaka wa 1912.

KAMBI YA KISIWANI

Aliporudi Uingereza mwaka wa 1903, Baden-Powell alikuta jambo ambalo hakulitazamia. Kitabu kidogo alichowaandikia askari kuhusu upelelezi, kilichotoka mwaka wa 1899, kilikuwa kinasomwa na watoto. Walikuwa wakikitumia kwa michezo yao. Akaona heri akiandike upya kwa ajili yao, akiondoa mambo ya vita na kutia mambo ya tabia njema, afya na kumsaidia jirani.

Kwanza alitaka kujaribu. Mwezi wa Agosti, 1907, aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, pwani ya kusini ya Uingereza. Baadhi walikuwa watoto wa matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi. Aliwagawa katika vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi wake miongoni mwa watoto wenyewe. Walilala katika mahema, walijifunza kufunga mafundo, kuwasha moto, kusoma nyayo na kuokoa mtu. Jioni walikaa penye moto, naye akawasimulia hadithi za Afrika.

Mwaka uliofuata kitabu kilitoka kwa vipande, kila baada ya wiki mbili. Watoto hawakungoja kuambiwa waunde vyama. Walijiundia wenyewe, kisha wakatafuta mtu mzima wa kuwaongoza. Mwaka wa 1909 maskauti maelfu walikusanyika London, na miongoni mwao wakatokea wasichana waliotaka nao wahesabiwe. Mwaka wa 1910 wakapata chama chao, kilichosimamiwa mwanzoni na Agnes, dada yake Baden-Powell. Mwaka huo huo wa 1910 Skauti ilianza Kenya, na Baden-Powell akaacha jeshi ili kazi yake iwe hiyo moja tu.

Katika Januari, 1912, akiwa melini, alikutana na msichana aitwaye Olave Soames. Walizaliwa tarehe moja, 22 Februari, ila walipishana miaka 32. Walioana kabla ya mwaka kwisha, wakapata mtoto wa kiume, Peter, na wasichana wawili, Heather na Betty. Olave hakuwa mke wa kukaa nyumbani. Aliongoza chama cha wasichana, na mwaka wa 1930 alitangazwa kiongozi wao mkuu duniani. Mumewe alikuwa ametangazwa Skauti Mkuu wa Dunia katika mkutano wa London wa mwaka wa 1920.

NYERI

Alijuaje Nyeri? Kulikuwa na Mwingereza mmoja, Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake katika siku za mwanzo za Skauti. Huyu alihamia Kenya, akajenga Hoteli ya Outspan mwaka wa 1928, na mwaka wa 1932 akajenga Treetops juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Nyandarua, ili wageni watazame wanyama usiku. Baden-Powell alimtembelea mwaka wa 1935, akapendezwa mno na mahali hapo.

Uzee ulipomfika na moyo kuanza kudhoofika, alichagua kumalizia siku zake Nyeri. Nyumba ndogo ikajengwa katika uwanja wa hoteli, nao wakahamia mwaka wa 1938. Nyumba yao ya Uingereza ilikuwa ikiitwa Pax Hill, na neno hilo pax ni Kilatini, maana yake amani. Hii ya Nyeri wakaiita Paxtu, yaani ni Pax nyingine, ya pili.

Kutoka barazani aliuona Mlima Kenya asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Alichora ndege na wanyama, alijibu barua za maskauti, na aliandika vitabu vyake vya mwisho, vikiwa na picha alizozichora mwenyewe. Yule mpelelezi wa Matopo sasa alikuwa akiwanyatia ndege bustanini, mkononi ana brashi.

Alifariki Paxtu tarehe 8 Januari, 1941, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 84. Waingereza wangeweza kumzika kwao pamoja na wakubwa wao. Yeye alizikwa katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri, akielekezwa mlimani. Kwenye jiwe lake pamechorwa duara lenye nukta katikati. Skauti aionapo alama hiyo njiani hujua kwamba mwenzake amemaliza safari na amekwenda nyumbani. Olave alirejea Uingereza mwaka wa 1942, akaishi hadi tarehe 25 Juni, 1977. Majivu yake yaliletwa Nyeri, yakazikwa katika kaburi la mumewe.

Paxtu haikukaa tupu. Baada ya vita vikuu vya pili iliingiwa na Jim Corbett, yule mwindaji mashuhuri wa chui na simbamarara walao watu huko Bara Hindi, pamoja na dada yake Maggie. Corbett alifariki mwaka wa 1955, naye amezikwa katika makaburi yayo hayo.

MLIMA MMOJA, HABARI MBILI

Msomaji akumbuke kwamba mlima huo aliopenda kuutazama mzee huyo, Wakikuyu waliuita Kirinyaga, makao ya Ngai. Wazee waliuelekea waliposali. Na miaka ile ambayo Baden-Powell alipata amani chini yake, wenye nchi hawakuwa na amani. Ardhi nzuri ilikuwa imetwaliwa na walowezi, na Mwafrika alitembea na kipande shingoni.

Chama chenyewe cha Skauti hakikuwa na mikono safi. Sheria yake ilisema kwamba kila skauti ni ndugu ya mwenzake, lakini makoloni hayakutaka kuisikia. Huko Afrika Kusini watoto wa Kiafrika waliwekwa katika chama cha pembeni. Hapa kwetu, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni iliwafungia vijana katika kambi ya Wamumu, katika nchi ya Kirinyaga, na mafunzo ya Skauti yakawa mojawapo ya njia za kuwageuza mawazo.

Tena kuna tarehe mbili ambazo yafaa ziwekwe pamoja. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri mwezi wa Oktoba, 1956. Kesi yake ilisikizwa katika mji huo huo wa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari, 1957. Siku nne baadaye, tarehe 22 Februari, 1957, maskauti duniani waliadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Baden-Powell. Mmoja ana kaburi linalotunzwa vizuri na linalotembelewa na wageni wa kila taifa. Mwingine, aliyezaliwa na kupigana katika nchi hii, alizikwa gerezani bila alama. Katikati ya mji wa Nyeri kuna mnara wa kuwakumbuka Wakikuyu waliokufa wakipigania uhuru, na mtu akitoka hapo hahitaji mwendo mrefu kufika kwenye lile kaburi lenye duara na nukta.

Je, yafaa basi tuifunge Paxtu na kusahau? Huko Uingereza swali kama hilo liliulizwa mwaka wa 2020, wakati wakuu wa mji wa Poole walipotaka kuiondoa sanamu yake iliyo bandarini ikitazama kisiwa cha Brownsea. Wapo waliotaka itoke, na wapo waliokwenda kusimama kuilinda.

Wakenya walilijibu swali hilo kwa namna yao zamani. Baada ya uhuru hawakukiua chama. Walikichukua kikawa chao. Rais ndiye mlezi wake, na kwa miaka mingi kiliongozwa na Jeremiah Nyagah, mwana wa Embu, mwalimu aliyekuwa pia waziri serikalini. Kila Februari vijana wa Kenya huja Nyeri kwa gwaride hadi kaburini. Watoto hao hawaendi kusifu dola ya Uingereza. Wamejifunza kupanda miti, kutoa huduma ya kwanza, kuongoza watu katika mikutano mikubwa, na kushika neno walilolitoa. Mambo hayo ni mema, yawe yametoka kwa nani.

Lakini kuchukua si sawa na kusahau. Wakongwe walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na historia nayo ikisifiwa tu huharibika. Nyumba ambayo mgeni huacha skafu yake ukutani ni nyumba ambayo bado inaandikwa. Basi pawepo na nafasi katika kuta hizo ya jina la Uwini, ya Wabarolong wa Mafeking na daftari la Plaatje, na ya vijana wa Wamumu. Skauti hufundishwa kwamba neno lake ni la kuaminika. Mtoto anayefundishwa hivyo ana haki ya kuambiwa habari za mzee wake kwa ukamilifu, kisha avae skafu yake na kuutazama mlima akijua anamkumbuka nani.